Kutafuta Joto la Gari la Zahanati

Tuliokuwepo safari hii ni hawa. Mimi, Edina binti Lufingo, mjane wa Ananias aliyekuwa dereva wa gari la zahanati. Rehema mwenye duka la midoli na vifaa vya shule Kariakoo, mtoto wa binti yangu Aneth. Festo wa Tukuyu, ambaye tulimkuta hukohuko Guangzhou. Si ndugu yetu, ila mama yake anasali kanisa moja na Rehema kule Dar, na yeye anasomea mambo ya udongo chuo kikuu kwa ufadhili. Ni mtu mzima, ana upara, na ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Wa mwisho namweka hapa ingawa ni Mchina: Mama Guo, mwenye duka la vipuri. Waliobaki nyumbani wakitungoja ni Yohana, dereva wa sasa, na Tumwitike, mdogo wake Rehema, ambaye naishi naye na ni mjamzito.

Naandika kwa sababu kila nikitoka kanisani mnanizunguka kuniuliza, na kila mmoja nikimwambia peke yake naishia katikati, naanza kukohoa. Sasa yote nayaweka hapa. Habari za pasipoti na tiketi siziandiki. Alihangaika nazo Rehema, mimi nilitia saini pale aliponionyesha.

Kilichonipeleka

Baridi yetu ya hapa Makete mwezi wa saba mnaijua. Unaamka nyasi ni nyeupe, na gari la zahanati, lile kuukuu la dizeli aliloliacha Mzee Olavi, mmisionari wetu wa zamani, limelala nje ukutani, oili yake imekuwa nzito kama uji uliolala. Dawa yetu ni ileile aliyoianza marehemu Ananias: jiko la mkaa chini ya injini, bati la kukinga upepo, na mtu wa kukaa hapo kupepea na kuangalia moto usije ukapanda. Miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Nimepepea chini ya gari lile kuliko nilivyopepea jikoni kwangu.

Mwezi wa saba wa mwaka juzi Sara, mke wa mwanangu Obadia, alishikwa na uchungu saa kumi na moja alfajiri. Nilipepea mpaka saa mbili na nusu. Gari liliwaka jua limeshatoka. Sara alikata roho kwenye kona ya mwisho kabla ya lami, nimempakata, na mtoto hajazaliwa. Wengi mlikuwepo kaburini. Nayarudia ili asiyejua aelewe kwa nini bibi wa miaka sabini na tatu alipanda ndege.

Tumwitike aliponiambia ana mimba, nilihesabu miezi kwa vidole nikaangukia mwezi wa saba.

Yohana alikuwa amesikia kwa madereva wa malori Makambako kwamba kuna kifaa kinachomekwa kwenye umeme wa nyumbani, kinapasha injini moto usiku kucha, asubuhi gari linawaka kama liko Dar. Umeme tunao. Zahanati ilivutiwa umeme mwaka mmoja kabla Sara hajafa, na soketi ya nje iko hatua tatu kutoka gari linapolala. Nikamwagiza Rehema, maana yeye China anaenda kila mara. Mara ya kwanza akaleta kile cha kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo. Mara ya pili akaleta blanketi la kiti cha dereva. Nikamwambia, "Mama, sasa naenda mwenyewe."

Yohana akanieleza kwamba kifaa kinaingia kwenye tundu ubavuni mwa injini, mahali pa kizibo kimoja cha chuma, duara, na kipimo kikikosea hata kwa unene wa ukucha maji yatavuja. Rula haikuingia pale. Akachukua nusu mche wa sabuni ya kufulia, akaukandamiza juu ya kizibo kwa nguvu zake zote, akautoa na alama ya duara safi kabisa. Nikaifunga sabuni ile kwenye kitenge. Rehema sikumwambia, kwa sababu huwa anatucheka mambo yetu ya kijijini.

Makambako mpaka Dar

Kwenye mlima wa Kitonga tulikaa saa sita. Lori la mbao lilikuwa limelala barabarani na watu wakageuza pale kuwa soko. Mama mmoja wa Ilula, anaitwa Veronika, aliniuzia vitunguu ambavyo sikuvihitaji, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia China. Akaniangalia kandambili zangu, akasema, "Bibi, na mimi naenda mwezini, tutapishana." Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka nimecheka kutoka tumboni safari ile.

Adis Ababa

Ndege ya pili ilichelewa, tukakaa kwenye viti vya chuma kutoka asubuhi mpaka jioni. Pembeni yangu alikaa mama wa Kikongo, Mama Beatrisi wa Lubumbashi, anayenunua viatu. Kiswahili chake kina Kifaransa ndani, lakini tulielewana. Akaniuliza nanunua nini. Nikamwambia kitu cha kupasha moto injini. Akasema, "Mama, Guangzhou iko moto sana. Kule watu wananunua feni." Nikaona haya, nikajidai nimesinzia.

Baiyun

Kwenye ukaguzi pale uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, walipitisha mkoba wangu, wakaurudisha, wakaupitisha tena. Kijana mwenye glavu akatoa kitenge, akakifungua, akaikuta sabuni. Akainusa. Akamwita mwenzake, naye akainusa. Wakaigeuza kwenye taa, wanaangalia lile duara, wanaongea.

Rehema alikuwa mbele, ameshapita. Nikawaonyesha kwa mikono. Nikawasha gari kwa sauti ya mdomo, likakataa. Nikajikunyata kwa baridi. Nikainama, nikapepea jiko. Wale vijana wakatazamana, mmoja akaenda akaniletea kiti na kikombe cha maji ya moto. Walifikiri ninaumwa.

Mwishowe wakanirudishia sabuni yangu, lakini moyo ulikuwa umeshashtuka. Nikajiambia, polisi wakinisimamisha tena mtaani wataichukua. Kwa hiyo nilipofika hotelini niliificha chini ya nguo, nikaamua haitoki mpaka duka lipatikane. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Yide Lu

Festo alikuja kutuchukua kwa treni ya chini ya ardhi. Siku mbili za mwanzo zilikuwa za Rehema, ndivyo tulivyokubaliana. Tulishinda mtaa wa Yide Lu, maduka juu ya maduka, midoli imening'inia kwa miguu kama kuku wa sokoni, na jasho linanitiririka ndani ya sweta langu. Rehema aliniambia nilivue. Sikulivua, sikuzoea.

Rehema kule si yule mnayemjua. Anaingia anamwita mwenye duka laubani, yaani bosi, anagonga kikokotoo, anakasirika, anatoka, anaitwa, anarudi. Mimi nilijifunza neno moja tu, meyo, yaani hakuna. Nililijifunza kwa kulisikia.

Mchana Festo alituagizia chakula. Wakaleta viazi. Nilifurahi, mtu wa Makete akiona viazi ameona kwao. Kumbe wamevikata kama nyuzi, wamevipitisha motoni na siki, bado vinalia mdomoni. Nikamwambia Festo, "Mwanangu, waambie wavirudishe jikoni, havijaiva."

"Bibi, ndivyo vilivyo. Wakiviacha zaidi wanasema vimeharibika."

"Basi waambie pole."

Hakuwaambia.

Mtaa wa vipuri

Siku ya tatu tulikwenda mtaa wanaouza vipuri vya magari. Tuliingia maduka kumi na saba, nimeyahesabu. Festo anaeleza, mwenye duka anatazama nje kwenye jua, ananitazama mimi na sweta, anasema meyo. Mmoja alituletea feni ya rejeta. Mwingine aliwaita majirani zake waje wamsikilize Festo akieleza tena, na Festo akaeleza tena, maana ni mtu wa adabu.

Duka la kumi na nane lilikuwa la Mama Guo. Mwanamke wa umri kama wa Aneth, mfupi, amekaa juu ya boksi anakula mbegu za alizeti. Festo alipoanza kueleza, yule mama akaacha kutafuna. Akauliza kitu. Festo akanigeukia.

"Anauliza kabla ya umeme mlikuwa mnafanyaje."

Nikainama pale dukani, nikapepea. Mama Guo akasimama. Akainama na yeye, akapepea, akaonyesha bati la kukinga upepo, kwa mkono ulioinama hivi, vilevile tunavyoliegemeza sisi. Festo akasema, "Anatoka kaskazini kabisa, kwenye theluji. Baba yake alikuwa na lori. Anasema yeye ndiye alikuwa wa kukaa na moto, na nyusi zimewahi kumuungua."

Nilimshika mkono. Sikutegemea kumkuta mtu wa kazi yangu kule.

Akasema vifaa hivyo anavyo, anawatumia ndugu zake kila mwaka, lakini viko vya vipimo vingi. Kipimo chetu ni kipi?

"Kipo hotelini," nikasema. "Kesho naleta."

Liuhua

Hoteli yetu ilikuwa Liuhua, karibu na stesheni, dirisha linaangalia maduka ya viatu. Niliporudi nilijilaza, miguu imevimba. Nilipoamka Rehema alikuwa ananing'iniza sweta langu bafuni. Usingizini nilikuwa sijahisi hata akinivua.

"Nimekufulia, Bibi. Lilikuwa linanuka moshi, watu kwenye treni wanageuka."

"Umefulia nini?"

"Ile sabuni yako, nimeikuta chini ya nguo. Bibi na wewe, unabeba sabuni ya kufulia kuja nayo China, hawa si ndio wanaotutengenezea?"

Niliingia bafuni. Sabuni ilikuwa juu ya sinki, laini, imepungua, kama yai. Nilipitisha kidole pale palipokuwa na duara. Hapakuwa na kitu.

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi, nilimficha mwenyewe. Nilimwambia tu kwamba ile haikuwa sabuni, ilikuwa kipimo cha kizibo cha gari, na gari ni la kumpeleka mdogo wake. Rehema alikaa sakafuni palepale penye maji. Alilia kwa sauti mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mimi sikuweza hata kulia. Nilikaa kitandani nikiangalia sweta linavyochuruzika, nikawa namuona Tumwitike kwenye ile kona.

Kumsubiri Yohana

Zilibaki siku tatu turudi. Tulimpigia Yohana apime tena, simu haikupatikana. Umeme ulikuwa umekatika kwetu na mnara umelala. Siku ya kwanza ikapita. Rehema alikwenda kukamilisha mizigo yake, mimi nikakaa dirishani. Nilimwomba Mungu vitu ambavyo sioni haja ya kuviandika. Festo alikuja na ugali alioununua kwa Mkongo, ukapoa mezani.

Siku ya pili mchana Yohana akapatikana. Sabuni nyingine hazingeweza kufika, kwa hiyo Festo akamwambia apige picha, pande zote za ubavu wa injini, aweke sarafu ya shilingi mia karibu na kizibo ili mwenye duka apime kwa macho. Yohana akasema, "Nipo chini ya gari saa hizi, shikamoo Bibi, usiwe na wasiwasi." Picha zilikuja sita, moja moja, kila moja na dakika zake.

Mama Guo alichukua simu ya Festo, akaipanua picha kwa vidole viwili. Akaangalia ya kwanza, ya pili. Kwenye ya nne akasimama. Akaisogeza machoni. Akaongea na Festo kwa muda mrefu, na Festo hakunigeukia.

"Kasemaje?"

"Ngoja kidogo Bibi. Anauliza gari lilitoka nchi gani."

"Alikuja nalo Mzee Olavi, kwao Ulaya kaskazini, kwenye barafu. Alilileta kwa meli."

Festo akamwambia. Mama Guo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Akaweka simu juu ya kaunta, akanionyesha kwa kucha. Pembeni ya kizibo alichokipima Yohana, chini zaidi, palikuwa na kizibo kingine kisichofanana na wenzake. Kimetokeza shingo, na kwenye shingo kuna kipande cha waya mweusi, urefu wa kidole, umejaa matope.

"Bibi," Festo akasema, "anasema kifaa unachokitafuta kimo."

"Kimo wapi?"

"Kwenye gari lenu. Lilikuja nacho. Magari ya kule yanakuja nacho. Hii ndiyo shingo yake. Waya wake unatakiwa utokeze mbele chini ya bampa, na umeme wa kwao na wa kwetu ni mmoja, ungechomekwa tu. Anauliza huu waya nani aliukata."

Nilisikia maneno yale moja moja. Mama Guo alikuwa ananitazama, si kwa ubaya, anataka kujua tu kama fundi anavyotaka kujua. Rehema naye ananitazama.

Nikasema, "Mwambie sijui."

Festo akamwambia. Hapo nilidanganya, na nimeandika haya yote nifike hapa niseme kwamba nilidanganya.

Mama Guo alitafuta ndani ya maboksi yake akatoa waya mpya wenye mdomo unaoingia kwenye ile shingo, na plagi upande wa pili. Akasema kifaa chenyewe kinaweza kuwa kizima, kinaweza kuwa kimekufa, hakuna wa kujua mpaka kichomekwe. Na tusichomeke kamwe kama injini haina maji. Akaniwekea na mfuko wa mbegu za alizeti za njiani. Sikuzila, bado ziko kwenye mkoba.

Kurudi

Ya kurudi sina mengi. Rehema alinishika mkono Guangzhou mpaka Adis, Adis mpaka Dar, akidhani ninaumwa miguu. Kwenye basi Kitonga hatukusimama. Nilimtafuta yule Veronika dirishani nimwambie nimetoka mwezini. Tulipita kwa mwendo.

Nyumbani nilifika jioni. Tumwitike alikuwa anaanua nguo. Waya wetu wa kuanikia mnaujua, unatoka nguzo ya jikoni mpaka kwenye mtofaa, mweusi, mnene, haushiki kutu na hata blanketi bichi haliushushi. Watu wamewahi kuniuliza nimeutoa wapi. Kanga za Sara nilizianika juu yake wiki ya msiba. Nguo za mtoto wake pia, kabla hatujazigawa.

Yohana alifunga waya mpya siku ya pili, akachomeka jua lilipozama. Sikulala. Alfajiri kulikuwa na barafu ya kwanza ya mwaka, imewahi. Nilikwenda, nikafungua boneti, nikaweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa na joto kama kifua cha kuku aliyelalia. Miaka yote ile kilikuwa kizima mle ndani. Yohana akaingia, akawasha, gari likawaka mara ya kwanza bila hata kukohoa.

Tumwitike alicheka, ameshika tumbo. Nesi alipiga makofi. Yohana akashuka akacheza pale kwenye barafu. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya zahanati, wakaniacha, wakafikiri ni furaha. Nilikuwa nahesabu kutoka saa kumi na moja mpaka saa mbili na nusu, na kutoka pale nilipokuwa nikipepea mpaka kwenye ile soketi. Hatua tatu.

Tumwitike bado hajajifungua ninapoandika. Kila jioni nakwenda kuangalia plagi kama imekaa vizuri, narudi, halafu nakwenda tena.

Sasa nawaomba. Siku ya kumuaga Mzee Olavi tulikuwa sita nje ya zahanati: mimi, marehemu Ananias, marehemu Enoki mwinjilisti, Mama Tuliza, Zakaria seremala, na Sara, wakati ule binti mdogo wa kwaya, amekuja kuimba. Mzee Olavi aliushika mwisho wa waya uliotokeza mbele ya gari akamwambia Ananias jambo, na sikulisikia kwa sababu nilikuwa namwaga maji ya viazi. Umeme hatukuwa nao wala hatukuuota. Wiki hiyohiyo, tukiwa walewale sita pale nje, ninavyokumbuka, watoto walikuwa wanauvuta waya ule wakicheza, na mtu akasema, "Ananias, ukate huo mkia, tupate pa kuanikia nguo." Ananias akaukata kwa koleo. Ninavyokumbuka, aliyesema ni mimi.

Mama Tuliza na Zakaria, ninyi ndio mliobaki. Majina mengine humu kama nimeyakosea, mniambie, nitayarekebisha. Lakini kama ni mtu mwingine aliyesema neno lile siku ile, njooni haraka, hata mkinikuta shambani. Katika yote niliyoyaandika, hilo ndilo ninalotamani mnisahihishe.